Shina la Mkopo na Nafsi ya Mtendaji

Kitenzi cha Kihispania chequear, ambacho katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini hutumika kwa maana ya kukagua, na kitenzi cha Kiswahili kucheki, ambacho msimamizi wa shamba la chai katika nyanda za Kericho na Bomet hukitumia anapotazama kama majani yaliyochunwa ni machanga kiasi cha kukubalika kiwandani, ni vitenzi vya ukoo mmoja. Vyote viwili vilitoka katika neno la Kiingereza check, ambalo Kiingereza kililipata kwa Kifaransa cha kale, nacho Kifaransa kililipata, kupitia Kilatini cha zama za kati na Kiarabu, kutoka katika neno la Kiajemi shah, yaani mfalme, lililotamkwa na mchezaji wa sataranji kila alipomtisha mfalme wa mwenzake. Kutoka katika tishio hilo la mchezoni neno liligeuka kuwa kuzuia, kutoka kuzuia likawa kuhakiki, na katika mitaa ya Kenya leo limekwisha kuwa kutazama tu. Ajabu ni kwamba hakuna lugha kati ya hizi mbili iliyohitaji kungoja Kiingereza ili ikutane na mfalme huyo wa Uajemi, maana Kihispania kilikuwa nalo tayari neno jaque, lililochukuliwa kwa Waarabu waliotawala rasi ya Iberia, na Kiswahili kilikuwa nalo tayari neno shaha, ambalo mbali na kuwa jina la mfalme wa sataranji hutumika pia kumwita kiongozi wa washairi. Neno moja limeingia nyumba ile ile kwa milango miwili, na wenyeji hawakulitambua lilipobisha mara ya pili.

Msimamizi wa shamba anapocheki majani hamwamkii mfalme yeyote, wala hana haja ya kujua kwamba yupo. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wanafalsafa na wanatheolojia wamelishughulikia kwa karne nyingi bila kuafikiana, nalo ni kama asili ya neno ina haki yoyote juu ya maana yake, na kama watu wanaoazima neno huazima pia, watake wasitake, imani na mamlaka ya wale waliolitumia kwanza. Katika Sotik, mji ulio katika nyanda hizo za chai huko Bomet, swali hili halipaswi kuonekana la anasa, kwa sababu ni mahali ambapo mtu wa kawaida hupita katika lugha tatu au nne kabla ya jua kutua. Nyumbani husemwa Kipsigis, ambayo ni mojawapo ya lugha za Wakalenjin na kwa hiyo ni ya jamii ya Kinailoti, isiyo na udugu na Kibantu. Mpakani upande wa Borabu husikika Ekegusii. Ofisini hutawala Kiingereza. Na sokoni, katika njia panda ya Kaplong, na katika mashamba makubwa ya chai ambako wafanyakazi wa makabila mengi huishi pamoja, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Zaidi ya hayo, vitenzi vingi ambavyo mkazi wa Sotik huvitumia anapomwelekea Mungu kwa Kiswahili vimetoka ng'ambo: kusali, kuabudu, kubariki, kusamehe na kutubu ni vya Kiarabu, na kubatiza ni cha Kigiriki kilichopitia lugha za Ulaya.

Kabla ya kuingia katika falsafa yenyewe, inafaa kutazama namna kitenzi kinavyoazimwa, kwa sababu kitenzi si kama nomino. Nomino huweza kubebwa ikiwa nzima na kuwekwa mahali papya, lakini kitenzi hakiwezi kufanya kazi hadi kipewe mtendaji, wakati na hali. Kihispania kina makundi matatu ya vitenzi, yanayotofautishwa kwa miisho yake -ar, -er na -ir, na vitenzi vipya vinavyoingia karibu vyote hupelekwa katika kundi la kwanza, hasa kwa mwisho wa -ear: escanear ni kupitisha hati katika mashine ya kunakili picha yake, resetear ni kuirudisha mashine katika hali ya mwanzo, boicotear ni kususia, na tuitear, kutuma ujumbe katika mtandao uliokuwa ukiitwa Twitter, kiliingizwa na Chuo cha Kifalme cha Kihispania, kilichoanzishwa mwaka 1713, katika kamusi yake ya mwaka 2014. Mwisho huo wa -ear, ambao Wahispania huuona kuwa wao kabisa, nao ulikuwa mgeni zamani, kwa kuwa unatokana na kiambishi cha Kigiriki -izein kilichoingia katika Kilatini cha wananchi wa kawaida.

Kiswahili kina utaratibu unaofanana na huo, ingawa historia yake ni tofauti. Vitenzi vya asili ya Kibantu huishia kwa irabu -a, na irabu hiyo hubadilika katika ukanushi wa wakati uliopo na katika dhamira, ambayo ni hali ya kitenzi inayoonyesha ombi au matakwa. Husemwa anachuma, lakini hachumi, na heri achume. Vitenzi vilivyotoka Kiarabu vilikataa mabadiliko hayo, vikabaki na irabu zao zilezile, hivi kwamba anasali, hasali na heri asali vyote huishia namna moja. Vitenzi vya Kiingereza vilipoanza kuingia vilikuta kundi hilo limekwisha kuzoeleka, vikajipanga humo bila shida: kuripoti, kupaki, kusaini, kucheki, na katika mashamba ya chai kupruni, ambacho vitabu vya kilimo hukiita kupogoa. Kwa maneno mengine, mlango ambao Kiingereza kilipitia ulikuwa umefunguliwa na Kiarabu karne nyingi kabla. Mgeni huyu mpya wakati mwingine hukanyagana na mwenyeji, kwa maana hacheki ni ukanushi wa kucheka na pia ni ukanushi wa kucheki, na meneja ambaye hacheki anaweza kuwa mtu mkali au mtu mvivu, na sentensi peke yake haitoi uamuzi.

Mjadala wa kifalsafa kuhusu asili ya maneno kwa kawaida huanzia katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Cratylus, ambamo upande mmoja unashikilia kwamba kila kitu kina jina lake la haki kwa mujibu wa maumbile, na upande wa pili, ambao Aristotle baadaye aliukubali kwa namna yake, unashikilia kwamba majina ni makubaliano ya watu. Jina lenyewe la taaluma inayochunguza asili za maneno, etimolojia, linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kweli, kana kwamba kuipata asili ni kuipata kweli. Isidore wa Seville, askofu wa Uhispania aliyefariki mwaka 636, aliandika ensaiklopidia nzima juu ya msingi huo, akiamini kwamba anayejua neno limetoka wapi huielewa haraka zaidi nguvu ya kitu chenyewe, na nyingi za asili alizozitoa zinajulikana leo kuwa ni za kubuni. Wanaisimu wa siku hizi hulitaja kosa hili kuwa ni udanganyifu wa asili, yaani kudhani kwamba maana ya kwanza ya neno ndiyo maana yake halisi. Ni rahisi kulicheka kosa hilo mtu anapozungumzia sataranji. Si rahisi hivyo anapozungumzia ubatizo.

Kitenzi cha Kigiriki baptizein kilimaanisha kuchovya au kuzamisha, na makanisa yanayobatiza kwa kuzamisha mwili mzima majini, Waadventista wa Sabato wakiwa miongoni mwao, yamekitumia kitenzi hicho kuwa ushahidi dhidi ya makanisa yanayomimina maji kichwani, kama Kanisa Katoliki. Makanisa ya aina zote mbili yanapatikana Sotik na ng'ambo ya mpaka wake, na waumini wao husema kubatiza bila kutofautiana hata kwa herufi moja. Watafsiri wengi wa Biblia duniani waliamua kuliacha neno la Kigiriki kama lilivyo, wakilivika tu mavazi ya lugha yao, ili wasilazimike kuchagua upande. Na Wabaptisti wa Marekani walipotaka tafsiri za lugha za Asia zitumie kitenzi cha kuzamisha waziwazi, Chama cha Biblia cha Marekani kilikataa kuzigharimia, wakajitenga na kuanzisha chama chao mwaka 1836. Kuazima, basi, kulikuwa njia ya kukaa kimya kwa heshima. Kiswahili nacho kilikaa kimya kwa njia hiyo, na ukimya wake ulifichika vizuri zaidi kuliko wa lugha nyingine, kwa sababu kubatiza kina sura ya kitenzi cha Kibantu chenye kiambishi cha kusababisha, kama kuingiza au kulegeza, hivi kwamba mtu asiyejua historia yake angeweza kukitafuta kitenzi cha msingi ambacho hakikuwahi kuwapo.

Kisa kikubwa zaidi cha swali hili katika Afrika Mashariki, hata hivyo, si cha Kigiriki bali ni cha Kiarabu. Wamisionari wa karne ya 19, kuanzia Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 hadi Edward Steere aliyefanya kazi Unguja, walikuta lugha iliyokwisha kuwa na msamiati kamili wa ibada, uliotungwa na Waislamu wa pwani, wakautumia: dhambi, roho, malaika, msalaba, kanisa, sala, baraka. Mmisionari Mjerumani Karl Roehl aliona hilo kuwa ni hatari. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1930 alidai kwamba Kiswahili kilichojaa Kiarabu kiliwatenga watu wa bara na lugha zao za Kibantu na kuwasogeza karibu na Uislamu, na tafsiri yake ya Biblia nzima, iliyotoka mwaka 1937, ilikuwa jaribio la kuyaondoa maneno ya Kiarabu kadiri ilivyowezekana na kuweka ya Kibantu mahali pake. Gerald Broomfield wa misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu alikuwa amekwisha kumjibu mwaka 1931, akitetea kwamba maneno hayo yalikuwa tayari ni Kiswahili kinywani mwa wenye lugha yao, na kwamba mgeni hana mamlaka ya kuamua lipi la wenyeji si lao. Mwaka 1952 ilitoka Biblia ya Muungano, iliyobaki na msamiati wa Kiarabu, na ndiyo iliyoenea hadi katika makanisa ya bara ambayo Roehl alikuwa akiyahofia.

Ipo hoja moja dhidi ya Roehl ambayo hupendwa sana na wasomi. Kiarabu, Kiebrania na Kiaramu ni lugha za jamii moja ya Kisemiti, hivyo maneno aliyoyahesabu kuwa ni ya Uislamu ni binamu wa maneno ya Biblia yenyewe: baraka ni ndugu wa berakhah ya Kiebrania, roho ni ndugu wa ruah, malaika ni ndugu wa malakh, salamu ni ndugu wa shalom, na kanisa limetokana na neno la Kiaramu lenye maana ya mkusanyiko. Kwa hiyo Mkipsigis anayesema Mungu akubariki yuko karibu zaidi na sauti ya manabii kuliko Mwingereza au Mjerumani aliyemletea kitabu. Hoja hii ni tamu, na utamu wake ndio unaopasa kutiliwa shaka, kwa sababu inamshinda Roehl kwa silaha yake mwenyewe. Kama ni kosa kusema kwamba kubariki ni kitenzi kibaya kwa kuwa kilitoka kwa Waislamu, basi ni kosa lilelile kusema kwamba ni kitenzi kizuri kwa kuwa kina udugu na Kiebrania. Hoja ya Broomfield, isiyo na mapambo, ina nguvu zaidi: neno ni la wale wanaolisema.

Wanazuoni wa Kiislamu walikuwa wamelipitia jambo hili mapema zaidi. Kwa kuwa Kurani inajitaja kuwa imeteremshwa kwa Kiarabu, Imamu Shafii alisisitiza kwamba hakuna ndani yake neno lisilo la Kiarabu, ilhali wengine walitambua humo maneno yenye asili ya Kiajemi, Kihabeshi, Kiaramu na nyinginezo, na Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, aliyakusanya katika kitabu cha pekee. Suluhu iliyotolewa na Abu Ubayd, mwanachuoni wa karne ya 9, ni ya busara ambayo ingeweza kuokoa karatasi nyingi zilizoandikwa baadaye: pande zote mbili zimesema kweli, kwa kuwa maneno hayo yalikuwa ya kigeni katika asili, lakini Waarabu waliyachukua, wakayatengeneza kwa ndimi zao, yakawa Kiarabu, na Kurani ilipoteremka iliyakuta ni Kiarabu. Uhispania ilitoa mfano wa jambo hilohilo bila kukusudia. Wamorisko, yaani watu wa ukoo wa Kiislamu waliokuwa wamebatizwa, walifukuzwa nchini humo kati ya 1609 na 1614, lakini neno ojalá, lililotokana na dua ya Kiarabu ya kumwachia Mwenyezi Mungu matakwa, halikufukuzwa, na Wakatoliki wameendelea kulitamka kwa maana ya laiti au heri iwe hivyo, pamoja na Wahispania wasioamini Mungu yeyote.

Sotik yenyewe inampinga Roehl kwa njia ambayo hakuitarajia, kwa sababu lugha yake si ya Kibantu, na kwa Mkipsigis neno la Kibantu ni geni sawasawa na la Kiarabu. Biblia inayosomwa katika makanisa ya Wakalenjin huitwa Bukuit ne Tilil, ambapo tilil ni neno la wenyeji lenye maana ya safi au takatifu, na bukuit ni neno la Kiingereza lililopewa mwisho wa nomino za Kikalenjin. Kitenzi cha kusoma ni soman, kilichochukuliwa kutoka Kiswahili, na safari ya kitenzi hiki inastahili kutazamwa, kwa sababu huko Buganda Wakristo wa mwanzo waliitwa abasomi, na miongoni mwa Wakikuyu waliitwa athomi, yaani wasomaji, kana kwamba kusoma na kuamini vilikuwa tendo moja. Kwa upande mwingine, neno la kale la Wakipsigis la kumwita Mungu, Asis, ambalo linahusiana na asista, yaani jua, silo lililochaguliwa na watafsiri wa Biblia hiyo. Mungu humo huitwa Kamuktaindet, jina la sifa lenye maana ya mwenye uwezo. Neno lililokuwa la nyumbani kabisa ndilo lililoonekana kuwa na historia nzito mno, na la Kiingereza likapita bila kuulizwa chochote. Asiyetaka maneno yenye historia, basi, hatayapata hata kwa kubaki nyumbani.

Yote haya hayapaswi kumpeleka msomaji katika upande wa pili, unaosema kwamba maana ni matumizi tu na kwamba asili ni jambo la kamusi. Kuna pingamizi ambalo nadharia hiyo haitoshi kulijibu. Maneno hayaazimwi katika uwanja ulio sawa. Kiingereza kimechukua kwa Kipsigis maneno machache mno kulingana na yale ambayo Kipsigis kimechukua kwa Kiingereza, na uwiano huo haukutokana na uzuri wa lugha yoyote. Mwaka 1905 jeshi la serikali ya kikoloni lilishambulia Sotik, likaua watu wengi na kuswaga mifugo yao. Katika miaka ya 1920 kampuni kubwa za chai zilijiimarisha katika nyanda za Kericho juu ya ardhi iliyokuwa imehesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza. Na mwaka 1934 ilitungwa sheria iliyowezesha ukoo wa Talai, uliokuwa na mamlaka ya kidini miongoni mwa Wakipsigis, kuhamishwa kwa nguvu hadi Gwassi karibu na Ziwa Viktoria. Wakati huo hapakuwa na aliyewauliza wenyeji kama wangependa kuazima kitenzi cha kuripoti.

Hata hivyo, mahali ambapo historia hiyo imejificha katika lugha si pale panapodhaniwa. Haimo katika shina la kitenzi, ambalo ndilo lililoazimwa, bali imo katika viungo vinavyolizunguka, ambavyo ni vya lugha iliyoazima. Kusaini ni mfano ulio wazi. Chini ya mfumo wa kipande, ulioanza kutumika kwa nguvu miaka ya 1919 na 1920, mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba hati ya kazi, na mwajiri ndiye aliyeitia saini alipomruhusu kuondoka. Ambaye hati yake haikusainiwa alihesabiwa kuwa mtoro. Mfanyakazi, kwa hiyo, alikuwa na jambo la kufanya na kitenzi hiki, lakini si kama mtenda: kipande chake kilisainiwa, au hakikusainiwa. Mkulima mdogo wa leo anayepeleka majani katika kituo cha kununulia cha Wakala wa Ustawi wa Chai wa Kenya, ulioundwa mwaka 1964 ukiwa mamlaka ya serikali na kubinafsishwa mwaka 2000, husaini mwenyewe, naye hungoja bonasi ya mwisho wa mwaka kama mtu mwenye dai. Shina ni lilelile, Kiingereza chake ni kilekile, asili yake katika Kilatini haijasogea. Kilichobadilika ni kiambishi cha nafsi mbele na kiambishi cha kutendwa nyuma, na hapo ndipo mtu angeweza kusoma karne nzima ya historia ya nyanda hizi. Kitenzi kusainishwa, yaani kufanywa utie saini, kina shina la Kiingereza, lakini dhuluma inayotajwa humo inatajwa kwa viambishi vya Kibantu tu.

Ikiwa hilo ni kweli, basi wale wanaohofia mashina ya kigeni wanalinda lango lisilo na adui, na hatari, kama ipo, imo ndani ya boma. Kitenzi kusamehe kinathibitisha jambo hilo kwa namna chungu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka wa Sotik na Borabu, soko la Chepilat likiwemo, ulikumbwa na mapigano na uchomaji wa nyumba kati ya watu waliokuwa wameuziana mazao kwa miaka mingi, na maneno ya upatanisho kati ya wasemaji wa Kipsigis na wa Ekegusii hayana budi kupitia lugha wanayoshirikiana. Neno ambalo Kiswahili huwapa watu katika hali kama hiyo ni tusameheane. Shina lake ni la Kiarabu, lenye maana ya ukarimu na ulegevu wa moyo, na hakuna ubaya wowote ndani yake. Kiambishi -an- ndicho cha Kibantu, nacho huonyesha kutendana: kila mmoja anamtenda mwenzake, na kila mmoja anatendwa. Ni kiambishi kizuri, chenye utu, na bila hicho Kiswahili kingekuwa lugha yenye ubaridi. Lakini kinagawa hatia kwa usawa. Aliyechoma nyumba na aliyechomewa, wanaposameheana, wamewekwa katika nafsi moja ya wingi, na sarufi haiulizi tena ni nani aliyeshika kiberiti. Mtu anayetaka hilo liulizwe lazima arudi katika umbo la kawaida, namsamehe, ambalo lina mtenda mmoja na mtendewa mmoja, na linalodai kwamba mtendewa huyo ajulikane.

Wanatheolojia wengi wa Kikristo na wa Kiislamu hushikilia kwamba toba hutangulia msamaha katika mpangilio wa haki, ijapokuwa rehema ya Mungu inaweza kutangulia vyote. Na kutubu ni kitenzi kinachohitaji nafsi ya kwanza kuliko vitenzi vyote, kwa kuwa hakuna anayeweza kutubu kwa niaba ya mwenzake. Katika tofauti hiyo kati ya toba na msamaha ndimo dai la Wakipsigis na Watalai la ardhi ya chai lilimokwama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kwa kifungu chake cha 65, iliweka kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99, ikizipunguza hati za miaka 999 zilizorithiwa kutoka enzi ya ukoloni. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao kwamba Uingereza haijakiri wajibu wake wala kuwaomba radhi Wakipsigis na Watalai. Mwishoni mwa Oktoba 2023 Mfalme Charles wa Tatu alizuru Kenya, na jijini Nairobi alieleza huzuni na majuto yake kwa ukatili uliotendwa na Waingereza wakati wa ukoloni, lakini hakuomba msamaha rasmi.

Kwa Kiswahili tofauti kati ya mambo hayo mawili haihitaji mwanasheria. Kusikitika, kitenzi cha Kibantu kisicho na doa la ugeni, hakina mtendewa. Mtu husikitika peke yake, kwa ajili ya jambo lolote, hata la mvua kuchelewa. Kujuta nako kunaweza kufanyika ndani ya chumba kilichofungwa. Kumwomba mtu radhi, ambako radhi yake ni ya Kiarabu na kitenzi chake ni cha Kibantu, hakuwezi kusemwa bila kiambishi cha yule anayeombwa kukaa katikati ya kitenzi: nakuomba, nawaomba. Katika hotuba ya Nairobi nafasi hiyo ya katikati ilibaki wazi, na wazee wa Talai na Wakipsigis wanaodai ardhi ya baba zao huko Kericho na Bomet wanajua ni kiambishi gani kilichokosekana.